Nyaraka za Kiufundi za Vifaa vya Kompyuta: Mgogoro wa Muda Mrefu Unaomgusa Kila Mnunuzi

Na Mwandishi Wetu

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma ya kawaida ya kusasisha mfumo wa Windows 10. Kompyuta zinazoutumia mfumo huo hazikuzimika siku hiyo, lakini zile ambazo hazikuandikishwa katika mpango maalumu wa nyongeza hazipokei tena marekebisho ya kuziba mianya ya kiusalama. Nyingi kati ya hizo haziwezi kuhamia Windows 11, kwa kuwa mfumo huo mpya unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni.

Kwa mmiliki wa kompyuta ya namna hiyo, zikiwamo kompyuta za mtumba zinazouzwa hapa nchini, njia mojawapo ya kuendelea kuitumia kwa usalama ni kuiwekea mfumo huria kama Linux, ambao hupatikana bila malipo ya leseni. Hapo ndipo maswali yanapojitokeza. Je, Wi-Fi itafanya kazi? Kadi ya picha itatambulika? Printa itachapa? Majibu hayategemei ustadi wa fundi peke yake. Yanategemea pia iwapo, miaka kadhaa iliyopita, mtengenezaji wa kifaa husika alikubali kuwapa waandishi wa programu huria nyaraka zinazoeleza namna kifaa chake kinavyopokea na kutekeleza amri.

Suala hilo limekuwa chanzo cha mivutano kwa zaidi ya miaka 40 kati ya waandishi wa programu huria na kampuni zinazotengeneza vifaa. Kwa juu juu linaonekana kuwa ugomvi wa wataalamu wachache. Kwa undani, ni suala la nani mwenye mamlaka juu ya kifaa baada ya fedha kulipwa, na kifaa hicho kitaishi kwa muda gani.

Nini hasa kinachogombaniwa

Kila kifaa kilichomo ndani ya kompyuta, au kinachounganishwa nayo, huhitaji programu iitwayo draiva. Draiva ni mkalimani kati ya mfumo wa kompyuta na kifaa. Mfumo unapotaka kuandika faili kwenye diski au kutuma ujumbe kwa Wi-Fi, draiva ndiyo inayogeuza agizo hilo kuwa amri ambazo chipu ya kifaa inazielewa. Mkalimani asiyeijua lugha ya upande mmoja hana kazi anayoweza kuifanya.

Lugha hiyo ya kifaa imeandikwa katika nyaraka za kiufundi: orodha ya rejista za chipu, maana ya kila biti, mpangilio wa amri, muda wa kusubiri kati ya amri moja na nyingine, na kasoro za chipu ambazo mtengenezaji mwenyewe anazijua. Ni muhimu kutambua kwamba nyaraka za aina hii hazielezi namna ya kuitengeneza chipu. Zinaeleza namna ya kuzungumza nayo. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja ya waandishi wa programu huria: hawaombi siri ya kiwandani, wanaomba maelekezo ya matumizi.

Kwa kawaida mtengenezaji huchagua moja kati ya njia nne. Anaweza kuzitoa nyaraka hadharani. Anaweza kuzitoa kwa mtu aliyetia saini mkataba wa kutunza siri. Anaweza kuzizuia nyaraka na badala yake kutoa draiva iliyokwisha kutengenezwa, ambayo msimbo chanzo wake hausomeki. Au anaweza kutotoa chochote, na hapo waandishi wa programu huria hulazimika kukichunguza kifaa kwa nje, amri baada ya amri, hadi wajue kinavyofanya kazi. Kazi hiyo ya mwisho, ijulikanayo kama uhandisi wa kinyume, huchukua miezi na mara nyingi miaka.

Printa iliyozaa vuguvugu

Mwanzo wa vuguvugu la programu huria lenyewe unahusishwa na kifaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman alikuwa mtaalamu wa programu katika maabara ya akili unde ya Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani. Maabara hiyo ilipewa printa ya leza na kampuni ya Xerox. Printa ilikuwa ikikwama karatasi, na Stallman alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watumiaji kila inapokwama, kama alivyofanya kwa printa iliyotangulia. Alipoomba msimbo chanzo kwa mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao, alinyimwa, kwa maelezo kwamba mtafiti huyo alikwisha kuahidi kutunza siri.

Stallman ameeleza mara nyingi kuwa tukio hilo lilimwonesha madhara ya ahadi za siri kwa watu ambao hawakushiriki kuzitoa. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuunda mfumo kamili wa kompyuta ulio huru. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha Linux. Kwa kuunganisha kazi hizo mbili ulipatikana mfumo ambao leo unaendesha seva nyingi za intaneti, kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya kompyuta kubwa zenye kasi zaidi duniani tangu Novemba 2017, huku kiini cha Linux, kupitia Android, kikiendesha simu janja nyingi zilizo mikononi mwa wananchi.

Hoja za watengenezaji

Si haki kuwachukulia watengenezaji wote kuwa wakaidi wasio na sababu. Baadhi ya hoja zao zina uzito.

Kwanza, chipu moja huweza kuwa na sehemu zilizonunuliwa kutoka kampuni nyingine kwa masharti ya siri, kiasi kwamba anayeuza chipu hana ruhusa ya kuzieleza sehemu hizo. Pili, kuna hofu ya hataza: nyaraka zinazoonesha utendaji wa chipu kwa kina zinaweza kumpa mshindani mwanya wa kufungua kesi. Tatu, vifaa vya redio, zikiwamo ruta za Wi-Fi, vinasimamiwa na sheria za masafa, na kampuni huogopa kulaumiwa iwapo mtumiaji ataongeza nguvu ya mawimbi kupita kiwango. Nne, nyaraka za ndani mara nyingi huandikwa kwa ajili ya wahandisi wa kampuni yenyewe, na kuziandaa kwa umma ni gharama.

Hata hivyo, tukio moja la Marekani linaonesha kwamba hoja ya masafa inaweza kutatuliwa bila kufunga kila mlango. Agosti 2016 kampuni ya TP-Link ilikubaliana na Tume ya Mawasiliano ya Marekani kulipa dola 200,000 kwa kuuza ruta zilizoweza kuvuka kiwango cha nguvu kilichoruhusiwa. Katika makubaliano hayo hayo, kampuni iliahidi kushirikiana na waandishi wa programu huria ili ruta zake ziweze kuwekewa programu mbadala. Mdhibiti alitaka masafa yalindwe. Hakutaka mnunuzi afungiwe kifaa chake.

Diski zilizokufa bila taarifa

Mradi ulioshikilia msimamo mkali kuliko mingine ni OpenBSD, ulioanzishwa mwaka 1995 na Theo de Raadt, mkazi wa Calgary nchini Canada. Mradi huo unajulikana kwa mkazo wake juu ya usalama, na kwa kukataa kutia saini mikataba ya siri ili kupata nyaraka. Sababu yake ni ya kivitendo. Draiva iliyoandikwa na mtu mmoja aliyefungwa na siri haiwezi kukaguliwa na wengine kwa kulinganisha na nyaraka, na mtu huyo akiondoka, hakuna atakayeweza kuitunza.

Mwaka 2005 mradi huo uliingia katika mvutano na kampuni ya Adaptec ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza vidhibiti vya RAID, yaani vifaa vinavyounganisha diski kadhaa za seva ili moja ikiharibika, data ziendelee kupatikana katika nyingine. OpenBSD ilikuwa na draiva ya kusoma na kuandika data, lakini haikuwa na nyaraka za kusimamia diski zenyewe. Maana yake ni kwamba diski moja ingeweza kufa na msimamizi wa seva asiarifiwe, hadi diski ya pili inapokufa na data kupotea. Baada ya maombi ya muda mrefu kutozaa matunda, mradi uliiondoa draiva hiyo katika kiini cha kawaida cha toleo lake la 3.7. Viongozi wake waliona ni heri mtumiaji ajue mapema kwamba kifaa hakitumiki, kuliko kumwachia usalama wa kudhaniwa.

Uamuzi huo uliwaudhi baadhi ya watumiaji waliokwisha kununua vidhibiti hivyo. Lakini uliweka bayana jambo ambalo hotuba nyingi zilishindwa kulieleza: nyaraka zinapokosekana, anayebeba hasara si mwandishi wa programu. Ni taasisi yenye data zake kwenye diski.

Kadi za picha: njia mbili tofauti

Uwanja uliokuwa na mvutano mkubwa zaidi ni wa kadi za picha, na hapo kampuni mbili zilifuata njia tofauti.

AMD ya Marekani iliinunua kampuni ya ATI ya Canada mwaka 2006. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, ilitangaza kuwa itatoa nyaraka za kadi zake kwa umma na kusaidia uandishi wa draiva huria, ikishirikiana na wataalamu wa SUSE. Kazi haikukamilika kwa siku moja. Zilihitajika hatua za mapitio ya kisheria ili kutenganisha kinachoweza kutolewa na kisichoweza. Hata hivyo, leo draiva huria za AMD ni sehemu ya kawaida ya Linux, na kadi nyingi za zamani za kampuni hiyo bado zinatumika kwa sababu jamii ya waandishi ina uwezo wa kuzitunza.

Nvidia, nayo ya Marekani, kwa miaka mingi ilitoa draiva ya Linux iliyofungwa. Ilifanya kazi vizuri kwa wengi, lakini kampuni ilipoacha kuhudumia kadi za zamani, wenye kadi hizo walibaki na draiva isiyopatana na matoleo mapya ya Linux. Kundi la wataalamu wa kujitolea lilianzisha mradi wa Nouveau ili kuandika draiva huria kwa uhandisi wa kinyume. Juni 2012, akijibu swali katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Torvalds aliitaja Nvidia kuwa kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo, na akaongeza ishara ya mkono isiyofaa kuelezwa hapa. Picha za tukio hilo zilienea duniani kote.

Kuanzia mwaka 2014, kadi mpya za Nvidia zilianza kudai programu ya ndani iliyotiwa saini ya kidijitali na kampuni yenyewe. Bila saini hiyo, draiva ya Nouveau haikuweza kudhibiti kasi ya kadi, na hivyo kadi ya bei kubwa ilifanya kazi kwa mwendo wa chini. Mei 2022 kampuni ilibadili mwelekeo na kutoa msimbo chanzo wa sehemu ya draiva inayokaa katika kiini cha Linux. Hatua hiyo ilipokelewa kwa faraja, ingawa sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha kuhamishiwa katika programu iliyomo ndani ya kadi, ambayo bado imefungwa.

Tukilinganisha njia hizo mbili, tunaona kwamba ukali wa maneno pekee haukuifungua Nvidia. Miaka kumi ilipita kati ya tukio la Finland na tangazo la mwaka 2022. Katika miaka hiyo, kadi za kampuni hiyo zilihama kutoka michezo ya kompyuta kwenda kwenye vituo vya data, ambako mfumo unaotawala ni Linux. Ni vigumu kutoona uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Pale mnunuzi mkubwa anapohitaji uwazi, muuzaji huupata muda wa kuandaa nyaraka.

Mfano mwingine ni wa Broadcom, ambayo chipu zake zimo katika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyozinduliwa Uingereza mwaka 2012 kwa lengo la kuwafundisha vijana uandishi wa programu. Februari 2014 kampuni hiyo ilitoa nyaraka za sehemu ya picha ya chipu yake, na waendeshaji wa Raspberry Pi wakatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayefanikisha draiva huria kwenye kifaa hicho. Zawadi ilipata mshindi ndani ya wiki chache. Kazi iliyoshindikana kwa miaka miwili bila nyaraka ilikamilika kwa muda mfupi baada ya nyaraka kupatikana.

Tofauti ndani ya jamii yenyewe

Waandishi wa programu huria hawana sauti moja. Mwaka 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa viongozi wa Linux, alitangaza kwamba wataalamu wa kujitolea wako tayari kuziandikia kampuni draiva bila malipo, na pale inapolazimu kutia saini mikataba ya siri, mradi draiva yenyewe itolewe kwa uhuru. Kwa OpenBSD, huo ulikuwa ulegevu unaoziruhusu kampuni kuendelea kuficha. Kwa upande wa Linux, ulikuwa njia ya kumfikishia mtumiaji kifaa kinachofanya kazi.

Mradi wa Debian ulikabili swali la aina hiyo mwaka 2022. Baada ya kura ya wanachama, uliamua kuweka programu za ndani za vifaa, hata zisizo huria, katika diski zake rasmi za usakinishaji. Sababu ilikuwa wazi: kompyuta mpakato nyingi haziwezi kuunganishwa na Wi-Fi bila programu hizo, na mtumiaji mpya anayeshindwa kuingia mtandaoni siku ya kwanza hatarudi. Uamuzi huo ulipunguza usumbufu, lakini haukumaliza tatizo, kwani mwanya wa usalama ukigundulika katika programu iliyofungwa, anayeweza kuuziba ni mtengenezaji pekee.

Sheria inaanza kuingia

Kwa muda mrefu mivutano hii iliachwa kwa nguvu ya soko. Sasa dola zimeanza kuingilia kati, hasa barani Ulaya.

Msingi wa kisheria uliwekwa mapema. Mwaka 1991 Ulaya ilitoa mwongozo unaoruhusu, kwa masharti, kuchunguza msimbo wa programu ili kuiwezesha nyingine kufanya kazi nayo. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe nyaraka za mawasiliano ya seva zake. Kesi hiyo ilihusu programu, si vifaa, lakini ilithibitisha kanuni muhimu: nyaraka za kuunganisha mifumo zinaweza kuwa suala la ushindani wa haki. Desemba 2007 waandishi wa mradi huria wa Samba waliweza kuzipata nyaraka hizo kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000.

Hatua za karibuni zinagusa muda wa maisha ya kifaa. Tangu Juni 20, 2025 simu janja mpya zinazoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya zinapaswa kuhakikishiwa masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya modeli husika kuacha kuuzwa. Sheria nyingine ya Umoja huo kuhusu usalama wa bidhaa za kidijitali ilianza kuwa na nguvu Desemba 2024, na masharti yake makuu yatatumika kuanzia Desemba 2027. Sheria hizo hazimlazimishi mtengenezaji kutoa nyaraka za chipu kwa umma. Zinamfanya awajibike kwa muda mrefu zaidi, na mtengenezaji wa simu anayewajibika kwa miaka mingi ana sababu ya kumdai muuzaji wa chipu uwazi ambao hapo awali hakuuhitaji.

Maana yake kwa mnunuzi wa hapa nchini

Tanzania haitengenezi chipu, na sauti ya mwandishi mmoja wa programu wa Dar es Salaam haitaibadili kampuni ya California. Lakini nchi ina uzoefu wa kunufaika na programu huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu msimbo chanzo ulikuwa wazi. Haikuhitajika kumsubiri mwenye kampuni aone faida ya lugha yetu.

Aidha, nchi ina nguvu ya ununuzi. Taasisi inayonunua kompyuta, printa au ruta kwa mamia inaweza kuuliza maswali ambayo mnunuzi wa kifaa kimoja hajibiwi. Draiva za kifaa zimo ndani ya Linux, au zinategemea faili moja kutoka kwa muuzaji? Masasisho ya usalama yatatolewa hadi mwaka gani? Huduma hiyo ikikoma, nyaraka za kukitunza kifaa zitapatikana? Maswali hayo yakiingizwa katika vigezo vya zabuni, thamani ya fedha itapimwa kwa miaka ambayo kifaa kitatumika kwa usalama, badala ya bei ya siku ya kununua tu.

Kwa mwananchi mmoja mmoja, hatua ni nyepesi zaidi. Mifumo mingi ya Linux huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote kilichomo katika kompyuta. Kabla ya kulipia kompyuta ya mtumba, mnunuzi anaweza kumwomba muuzaji aiwashe kwa njia hiyo, akakagua Wi-Fi, sauti, kamera na mwangaza wa skrini. Dakika kumi dukani zitamwonesha ni sehemu zipi za kompyuta zinazofanya kazi na Linux na zipi zisizofanya. Kwa wanaobaki na Windows 10, jambo la msingi ni kuhakikisha kompyuta imeandikishwa katika mpango wa nyongeza wa masasisho, au kutoitumia kwa miamala ya fedha na taarifa binafsi.

Mivutano iliyoelezwa hapa haijafikia kikomo. Tangu mwaka 2020, kompyuta za Apple zenye chipu ya kampuni hiyo yenyewe zinaruhusu kuwekewa mfumo mwingine, lakini nyaraka za chipu hazikutolewa, na mradi wa Asahi Linux umelazimika kuzigundua kwa uchunguzi. Kila kizazi kipya cha vifaa huanzisha mazungumzo upya. Kinachobadilika, kwa mwendo wa taratibu, ni mtazamo wa wanunuzi na wa watunga sheria: nyaraka za kutumia na kutunza kifaa zinaanza kuhesabiwa kuwa sehemu ya bidhaa iliyolipiwa. Wanunuzi wanaozidai kabla ya kulipa ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kuzipata.